Mbwa Uliyetuachia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi na vumbi la huko kambini. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia, na kwamba hao wajenzi wa barabara unaowapikia wamechoka kulalamika juu ya chumvi yako. Mimi mwili wangu ni mzima. Pasi za hospitali bado nazisukuma, mashuka hayaishi, na mkuu wetu wa chumba cha kufulia bado anatembea kana kwamba sakafu ile aliirithi kwa babu yake. Kwa desturi hapa ndipo ningeandika kwamba sisi sote hatujambo. Neno hilo nimelishikilia kwenye ncha ya kalamu tangu asubuhi, limekataa kutoka.

Baba yuko hai. Hilo nalitanguliza ili moyo wako usikimbilie mbali. Anatembea, anafanya kazi, anakula kidogo. Lakini mambo yametufika, Kaka, na yanakuhusu wewe kuliko unavyoweza kudhani. Simu yako nimeijaribu mpaka nimechoka kumsikiliza yule mwanamke anayesema haipatikani. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori lenu la mahitaji, ambaye ameniahidi kukukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa, na uimalize kabla ya kumhukumu mtu yeyote.

Ni habari za Karani.

Bila shaka unakumbuka ulivyompa jina hilo, kwa vile alikuwa akikaa getini na kumkagua kila anayeingia kana kwamba amechelewa kazini. Siku ulipoondoka, baada ya yale maneno mliyotupiana wewe na Baba, ulimwacha amefungwa kwenye nguzo ya geti. Baba aliniambia nimfungulie aende zake, kwamba nyumba hii haifugi mali za watu walioikataa. Sikumfungulia. Jioni nilimkuta Baba mwenyewe anahangaika na fundo la ile kamba. Nikajua anamfukuza. Badala yake akamwongoza mpaka kwenye chumba chake cha kazi na kumwonyesha pa kulala, chini ya meza ya viatu, kwenye vipande vya ngozi.

Haya hujawahi kuyasikia, kwa sababu sikuona namna ya kuyaandika. Ulipoondoka nilikuwa bado sijaolewa; ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani na sanduku langu, nilikuta nyumba ina wazee wawili wanaoelewana bila kusemezana, mmoja anagonga misumari, mwingine anachunga barabara. Ila wakiwa peke yao, Baba alikuwa akiongea naye. Wewe na mimi tumelelewa na mtu ambaye hakuwahi kutuambia kwamba amechoka. Aliyemwambia ni mbwa. Mambo mengi ya Baba nimeyajua kwa kukaa jikoni na kutega sikio: kwamba macho yanamsumbua akitunga uzi, kwamba Mama bado anamjia ndotoni, na kwamba anajua vizuri mwezi gani umeandika na mwezi gani umekaa kimya, ingawa mbele yangu hajawahi kulitamka jina lako. Mwezi ukipita bila barua yako, humwambia Karani kwamba bwana wake ametuonyesha kisogo tena.

Sasa nikupeleke kwenye yaliyotokea.

Ilikuwa mchana, watoto wanatoka shule. Mbwa mgeni, mkubwa, wa rangi ya majivu, aliingia mtaani kwetu akitokea upande wa reli. Waliomwona wanasema alikuwa anapepesuka kama mlevi, udenda unamning'inia. Watu wazima walikimbilia ndani. Binti wa fundi cherehani wa mkabala, yule mdogo anayependa kumtania Karani kupitia geti, alikuwa katikati ya barabara na begi lake, miguu imekufa ganzi. Mbwa yule akamwendea. Karani ndiye aliyeruka ukuta. Kwa umri ule sijui aliurukaje, na Baba naye hajui, ila walipofungua milango walimkuta juu ya mgeni, wanageuzana mavumbini, na mtoto ameikumbatia nguzo ya umeme upande wa pili, hana hata mkwaruzo wa jino. Wanaume wakaja na mapau, wakammaliza yule mgeni. Karani akarudi nyumbani kwa miguu yake, shingo na bega vimechanika.

Mimi nilifika wakati mama wa mtoto anahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati kuhakikisha binti ni mzima, nikaenda naye. Niliporudi, Karani alikuwa amekwisha kusafishwa na kufungwa vitambaa. Siku ile mtaa mzima ulikuwa wetu. Fundi cherehani alikuja akasimama mbele ya Baba, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akarudi kwake. Watu walileta mifupa mpaka nikakosa pa kuiweka.

Kisha akaja daktari wa mifugo. Ni mwanamke wa makamo, mpole, asiyezungushazunguka maneno. Yule mbwa mgeni alikuwa amepimwa, akakutwa na kichaa cha mbwa. Akauliza Karani alichanjwa lini. Baba akatazama viatu vyake. Mwaka ule chanjo ilipotangazwa aliuona msururu wa watu na mbwa, akasema atampeleka safari ijayo, na safari ijayo ikamkuta kitandani na mgongo wake. Daktari akauliza nani aliyaosha majeraha yale, na kwa mikono gani. Baba akajibu kwamba alimmwagia maji kwa ndoo, akiwa amesimama mbali. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Baba ana makosa yake lakini uongo haukuwa mmojawapo.

Daktari alisema njia ni mbili. Ama Karani apigwe sindano ya kulala siku ileile, ama achanjwe na kufungiwa peke yake kwa miezi mingi, bila mtu kumgusa. Akikataa maji, akianza kuyumba, akibadilika sauti, au akimuuma mtu yeyote, aitwe saa hiyohiyo na hakutakuwa na mjadala. Mimi moyoni nilichagua njia ya kwanza, Kaka, sikufichi. Baba alichagua ya pili kabla daktari hajafunga mdomo.

Tukamweka kwenye stoo ya ngozi kule uani. Mlango wake wa bati una uwazi chini, tukawa tunasukuma bakuli kwa ufito. Na kuanzia hapo, nyumba yetu ikawa nyumba ya kusikiliza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichuchumaa mbele ya lile bati nikisubiri sauti ya ulimi ukilamba maji. Ikisikika, napumua. Ikichelewa, nasikia jasho linanitiririka mgongoni na hali jua bado halijatoka vizuri. Nilimwuliza muuguzi mmoja wa wodi ninayoifulia mashuka, akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ugonjwa ule una chanjo, na mtu akiwahi anapona, lakini dalili zikishaanza hakuna dawa duniani. Alinieleza pia mtu anavyokufa. Hayo nitakusitiri nayo.

Mtaa nao ukageuka. Sikuwalaumu. Watu walianza kuvuka barabara wakilifikia geti letu. Wateja wa Baba wakatuma watoto wa wenzao kuja kuchukua viatu, hata vilivyokuwa havijamalizika. Asubuhi moja Baba alikuta nyama imefungwa kwenye gazeti, imerushwa ndani ya ua karibu na stoo. Aliinusa, akachimba shimo, akaifukia. Fundi cherehani alikuja tena, akakaa nami jikoni. Alisema anajua kwamba mtoto wake yuko hai kwa sababu ya mbwa wetu, na kwamba kulijua hilo kunamkosesha usingizi, kwa sababu ni mtoto huyohuyo anayepita kando ya ukuta wetu kila siku kwenda shule. Aliniomba tumwite daktari. Nilimwambia nitaongea na Baba. Niliongea naye kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyundo yake akaendelea na kisigino alichokuwa nacho.

Baadaye Karani akaanza kukataa chakula. Maji alikunywa, kidogo, lakini chakula alikiacha, na akawa anatoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitaka kwenda kwa daktari. Baba akasema ni jeraha la shingoni linamuuma, limetunga usaha, basi. Nikamwuliza amelijuaje la shingoni kupitia uwazi wa kupitisha bakuli. Akasema anasikia harufu.

Siku iliyofuata mashine kubwa ya kufulia iliharibika, mkuu wetu akaturudisha nyumbani kabla ya saa sita. Geti nilifungua mwenyewe. Chumba cha kazi kilikuwa kitupu. Nikaita, kimya. Nikaenda uani, nikaona kufuli la stoo linaning'inia wazi.

Baba alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtoto. Kichwa cha Karani kilikuwa mapajani mwake. Kando yake kulikuwa na beseni la maji ya chumvi na vitambaa. Nilipoziba mwanga pale mlangoni, Karani aliinua mdomo wa juu, nikaona meno.

Baba akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Usiingie. Rudi nyuma taratibu. Anaogopa kuguswa, anaumwa tu."

Nilirudi nyuma. Lakini nilikuwa nimeuona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa damu iliyokauka. Alipotoka na kufunga kufuli nikamwuliza. Akasema kisu cha ngozi kimemteleza. Nikamwomba anionyeshe. Akakataa. Kaka, mimi sijawahi kumshika Baba kwa nguvu maishani mwangu. Siku ile nilimshika mkono nikakifungua kile kitambaa, naye hakushindana nami. Nadhani alikuwa amechoka kubeba peke yake. Kisu hakitoboi mtu pande mbili za kiganja. Yalikuwa matundu ya meno.

Ndipo akaniambia yote. Kwamba siku ile ya kwanza aliyaosha majeraha ya Karani kwa mikono mitupu, pale bombani, kwa mikono hiihii ambayo gundi na uzi vimeipasua tangu hatujazaliwa. Kwamba alikuwa akiingia stoo kila nikienda kazini. Kwamba jana yake alilibana jipu la shingoni, Karani akageuka akamuuma kwa maumivu, kisha akaanza kuulamba mkono huo huku analia. Mara moja tu, alisema, na akajuta palepale, kama vile anamtetea mtoto mbele ya mwalimu.

Nilimwambia tunakwenda hospitali sasa hivi. Akasema hospitali watauliza mbwa yuko wapi. Nikamweleza aliyonieleza muuguzi, yote, hata yale niliyokusitiri wewe. Alinisikiliza, halafu akasema yeye ameshaishi. Nikamwuliza kama anataka kufa kwa ajili ya mbwa.

"Kaka yako aliniachia kitu kimoja tu," alisema. "Akirudi akakuta nimekipoteza, nitamwambia nini?"

Kama ningekaa pale kutafuta jibu ningelia, na muda haukuwepo. Nikavaa viatu nikaenda kwa daktari wa mifugo. Sikukimbia kwa sababu nilijua nikikimbia mtaa utajua, lakini mtaa ulijua. Tuliporudi na daktari na sanduku lake, watu walikuwa wamejaa mbele ya geti letu, na Baba alikuwa amejifungia stoo pamoja na Karani. Kufuli halikuwepo. Alikuwa ameweka pau kwa ndani.

Daktari alimwita kwa heshima zote, pau halikusogea. Mmoja wa majirani akasema bati lile ni la kuvunja kwa teke moja. Fundi cherehani akamsukuma pembeni, akamwambia atakayeligusa atamgusa yeye kwanza, na sikujua kama anamlinda Baba au anaogopa kitakachotoka ndani. Kule ndani Karani alianza kunguruma kwa sababu ya zogo la watu. Kila aliponguruma kundi lilirudi nyuma hatua moja, kisha likasogea tena. Nikamwaza Baba kwenye giza lile, mkono umevimba, na mbwa mwenye maumivu na hofu amebanwa naye kwenye chumba kisichotosha kitanda.

Niliwaomba wote watoke nje ya ua. Daktari alisita, kisha akawatoa yeye mwenyewe akabaki na fundi cherehani getini. Mimi nikakaa chini, nikaweka uso wangu karibu na ule uwazi wa bakuli. Nikaona soli za viatu vya Baba, na ukucha mmoja wa Karani.

Nilimwambia Baba kwamba nimefikiria swali lake, na mimi nina la kwangu.

"Kaka akirudi akamkuta mbwa yupo na wewe haupo, mimi nitamwambia nini?"

Nikasikia anapumua. Nikasikia Karani naye ameacha kunguruma, kana kwamba wote wawili wanafikiri. Baadaye Baba akauliza kama daktari yule mkono wake ni mwepesi. Nikasema ni mwepesi. Akasema atafungua, kwa sharti kwamba atamshika yeye, si mtu mwingine.

Daktari akampa glovu nene na kamba laini ya kumfunga Karani mdomo. Baba akamfunga mwenyewe, taratibu, huku anamsimulia kwamba mvua inakuja na ngozi zilizoko nje zitalowa. Mambo ya kawaida kabisa, Kaka, kama wako kwenye chumba cha kazi. Daktari alipiga sindano. Karani aliweka kidevu juu ya kiatu cha Baba, na baada ya kitambo kidevu kikawa kizito. Baba aliendelea kuongea hata baada ya hapo. Hakuna aliyemkatiza. Nilipogeuka nikamwona fundi cherehani amesimama getini, kofia mkononi.

Kumzika hatukumzika. Kipimo cha ugonjwa ule hufanywa kwenye ubongo, daktari akalazimika kumchukua. Baba alikuwa amekwisha kuchimba shimo nyuma ya stoo, kwa mkono mmoja. Shimo lile lilikaa wazi mpaka fundi cherehani alipokuja na koleo, bila kuitwa, akalifukia.

Hospitali walimpokea Baba vizuri. Walimchoma kwenye jeraha lenyewe, wakamchoma begani, wakampangia sindano nyingine za kurudia wiki baada ya wiki. Yule muuguzi alisisitiza kitu ambacho nilihakikisha nimekielewa: hata kama Karani hakuwa na ugonjwa, mate ya yule mbwa mgeni yalikuwa kwenye majeraha ambayo Baba aliyaosha kwa mikono iliyopasuka, kwa hiyo lazima amalize sindano zote, liwe liwalo.

Lakini Baba hakulisikia hilo. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake cha kazi bila kushika nyundo. Chakula alikirudisha. Alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, majibu ya kipimo, na aliniambia waziwazi: kama Karani alikuwa mzima, basi yeye haendi tena kuchomwa, sindano za nini, na afadhali wamwache. Nilimrudia maelezo ya muuguzi mara nyingi, akawa ananitazama kama mtu anayetazama redio iliyo mbovu.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu mzito, Kaka. Majibu yalikuja. Daktari wa mifugo aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia Karani hakuwa nao. Hakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya jipu la shingoni na uzee. Ni kama Baba alivyosema tangu mwanzo. Mbwa wako alikufa mzima, kwa sababu mimi nilikwenda kusema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo kinywani. Baba alikuwa mlangoni ananisubiri. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa, mashavu yameingia ndani. Siku inayofuata ilikuwa siku ya sindano. Akaniuliza. Nikamwambia Karani alikuwa nao.

Alishika mwimo wa mlango. Akauliza nina hakika, nikasema nina hakika. Akakaa. Baada ya muda akasema, basi hakuwa yeye aliyeniuma, ulikuwa ugonjwa. Akaomba chai. Usiku huo alikula, na kesho yake alitangulia yeye getini kwenda hospitali, mimi namfuata nyuma kama mwizi.

Tangu siku hiyo nimeishi na uongo huu ndani ya nyumba, na mwenye mbwa ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye ninayekwambia. Nilikusudia kuimalizia barua hapa, nikikuomba usije ukamtajia Baba, na nikikuomba unisamehe kwa Karani kama utaweza.

Lakini nilipokuwa naandika mstari huo, Baba aliingia jikoni. Aliniuliza namwandikia nani. Nikamjibu ni wewe. Nilidhani ataondoka, kama anavyofanya siku zote ukitajwa. Alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, akanitazama nilivyoifunika karatasi kwa kiganja.

"Mwandikie mbwa wake hakuwa na kichaa," alisema.

Akaniambia kwamba alijua muda mrefu. Siku chache baada ya mimi kumdanganya alipita mwenyewe kwa daktari wa mifugo, kuomba walau ukanda wa shingoni wa Karani, na yule mama, asiyejua kuficha, alimpa pole kwamba mbwa alikuwa mzima. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini aliendelea kwenda kuchomwa. Akawa anakunakuna kovu la kiganja.

"Ningeacha, ungejua kwamba nimejua," alisema. "Na nilikuona ulivyokuwa hulali."

Nikaanza kumwomba radhi. Akainua ule mkono kunizuia. "Sijamaliza kukukasirikia," akasema. "Nikimaliza nitakwambia. Kwa sasa andika."

Basi nikaandika, na haya ni maneno yake kama alivyoyatoa, sikuongeza wala kupunguza. Kwamba Karani alikufa akiwa ameshikwa na mtu anayemfahamu. Kwamba aliondoka bila kupiga kelele. Kwamba kosa la chanjo ni la Baba na si la mtu mwingine. Kisha alisimama, akafika mlangoni, nikadhani amemaliza, akageuka. Kaka, alikutaja jina. Alilitamka taratibu kama mtu anayepima kiatu kilichokaa sana kabatini. Akasema:

"Mwambie akitaka kukasirika, aje akasirikie hapa."

Yuko chumba cha kazi sasa. Namsikia anagonga. Sindano zimebaki chache, na muuguzi anasema anaendelea vizuri, ingawa hakuna anayetuapia kitu mpaka muda upite. Mimi bado kila asubuhi namtazama anavyokunywa maji, naye anajua namtazama, na anakunywa glasi nzima mbele yangu.

Wasalimie hao wenzako wa kambini, na dereva mwambie ahsante. Mama wa yule binti anakusalimu, na binti mwenyewe anauliza kama una mbwa mwingine. Jifunike vizuri usiku. Nakungoja, na safari hii si mimi peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Kiherehere.